Ushauri Usiomsaidia Msanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachoraji wa Mwanza

Ukurasa huu ni wa wachoraji wa Mwanza na kando ya ziwa: wanaochora picha za sura, wanaoandika mabango na majina ya mitumbwi, wanaopamba kuta za shule, na wanaochora kwa kupenda tu baada ya kazi. Maswali ni yaleyale yanayorudi darasani na vijiweni. Hatukuyaweka hapa ili kuwacheka wanaoshauri, maana wengi wanashauri kwa nia njema kabisa. Ila anayeulipia ushauri ni yule anayeufuata, kwa hiyo ana haki ya kuukagua kwanza.

## Ya kuanzia

1. Nitaujuaje ushauri usio na msaada?

Jiulize: je, huyu angeweza kuniambia maneno hayahaya bila kuiona kazi yangu? "Komaa tu." "Jiamini." "Ongeza ubunifu." "Tafuta mtindo wako." Yote hayo anaweza kukutumia kwa simu mtu aliyeko Sengerema ambaye hajui hata kama unachora au unafinyanga vyungu. Huenda ni maneno ya kweli, lakini kesho asubuhi ukishika penseli hayakuambii uanzie wapi.

Sasa angalia mfano huu. Kijana alileta picha ya Mawe ya Bismarck, aliyoichora akiwa ameketi upande wa kivuko cha Kamanga. Maji yalikuwa mazuri, lakini mawe yalikuwa na kasoro ambayo mwenyewe aliihisi bila kuijua. Watatu walimwambia "nzuri sana, endelea hivyohivyo". Wa nne akainama, akaangalia, akasema: "Jiwe la juu linaelea. Hapa linapogusana na la chini hujaweka kivuli." Kijana akachukua penseli ya 4B, ile laini na nyeusi, akakandamiza mstari mwembamba mweusi kwenye maungio, akaufifisha kadiri ulivyotoka nje. Jiwe likakaa.

Kwa picha za sura, ushauri wa namna hiyo mara nyingi huwa juu ya macho. Wanaoanza huyaweka juu mno, karibu na nywele. Kwa mtu mzima, macho hukaa karibu na katikati, kati ya utosi na kidevu. Anayekuambia "shusha macho kidogo" amekusaidia kuliko anayekusifu nusu saa.

2. Kwa hiyo ushauri wowote wa jumla ni wa kutupa?

Hapana. "Andika jina, mwaka na aina ya rangi nyuma ya kazi" ni ushauri wa jumla na ni mzuri, kwa sababu una kitendo ndani yake na gharama yake ni dakika moja. Tatizo ni ule wa jumla usio na kitendo, au wenye kitendo kikubwa ambacho gharama yake haikutajwa (swali la 20 ni mfano).

3. Mzee wangu anasema sanaa hailipi. Nimjibu nini?

Usianze kwa kubishana, na usimwambie amepitwa na wakati. Amewaona kwa macho yake waandika mabango waliokuwa na kazi kila siku, kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikaja na kazi nyingi zikahama. Hofu yake ina msingi.

Ila "sanaa" anayoizungumzia ni kazi nyingi kwenye neno moja. Kuandika bango la duka kumepungua. Kuchora kuta za shule za awali bado kupo. Picha za sura za kupeleka kwenye send-ofu, kipaimara na kumuaga mwalimu anayestaafu zinatafutwa. Majina na mapambo ya mitumbwi bado yanaandikwa kwa mkono. Mwambie ni ipi kati ya hizo unayoifanya, halafu muonyeshe daftari: ulichopokea, ulichotumia, kilichobaki, kwa miezi mitatu. Kama huna daftari, ana haki ya kuendelea na msimamo wake.

Na kama unalala kwake na kula kwake, ujue pia kwamba yeye ni mmoja wa wanaokugharamia. "Shikamoo baba, naomba tukae tuongee hesabu" inafungua mlango ambao hotuba ya ndoto zako haitaufungua.

4. "Uchoraji ni mambo ya Wazungu." Kweli?

Si kweli. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ni ya kale kuliko mkoloni yeyote. Hapahapa Usukumani, Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walikuwa wakichora kuta za nyumba zao. Nenda pia Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, uangalie ngoma na viti vya watemi kwa macho ya mchoraji. Chukua daftari.

## Kipaji, mtindo na mazoezi

5. Watu wanasema nina kipaji cha kuzaliwa, sihitaji kufundishwa. Ni kweli?

Sifa hii ndiyo inayowakwamisha vijana wengi tunaowaona. Anayejua kuchora uso wa mbele tangu darasa la nne anafika miaka 25 bado anachora uso wa mbele, kwa sababu kila aliyemsifu alimfunga palepale. Mikono anaificha mifukoni. Watu wake wote wamesimama, hakuna aliyeketi.

Kufundishwa si lazima kuwe chuo. Chuo cha Ualimu Butimba kimeandaa walimu wa masomo ya sanaa kwa miaka mingi, kwa hiyo mkoani hapa si vigumu kumpata mwalimu anayejua kueleza mtazamo wa mbali na karibu, vivuli na vipimo vya mwili. Muulize kitu kimoja mahsusi. "Nifundishe kuchora" itamchosha. "Mikono yangu inakuwa kama glavu, nakosea wapi?" itamfanya avute kiti.

6. "Tafuta mtindo wako." Naanzia wapi?

Pengine usianze. Ushauri huu unatolewa sana kwa watu wenye kazi tano au sita tu, na matokeo yake ni kijana anayelazimisha macho yawe makubwa au mistari iwe minene ili afanane na mtu mwenye mtindo. Baada ya hapo anaogopa kubadilika, maana ameshatangaza kwamba huo ndio "mtindo wangu".

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Ni miaka michache mno. Alitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kopo, vitu vilivyopatikana madukani kwa bei aliyoimudu. Rangi ile ina tabia zake: inatiririka, inang'aa, inapendeza ikipakwa bapa kwa sehemu kubwa, na inampa shida mtu anayetaka kufifisha polepole. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita mtindo wa Tingatinga inaendana na tabia hizo. Na waliojifunza kwake walianza kwa kufuata alivyofanya, kisha kila mmoja akasogea upande wake. Leo ukizifahamu kazi hizo unaweza kumtofautisha huyu na yule.

Kama unataka kitu cha kufanya, chagua jambo moja unalolipenda na ulichore mara nyingi: wachuuzi wa Mwaloni, minada ya ng'ombe, nyumba zilizobanwa na mawe kule mlimani. Baada ya kazi 30 au 40 watu wengine ndio watakuambia mtindo wako ni upi.

7. "Usinakili kazi za watu." Hata kwa kujifunza?

Kunakili kwa kujifunza na kunakili kwa kuuza ni vitu viwili, na ushauri huu unavichanganya. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alinakili kazi za Mfaransa Millet mara nyingi, na hakuficha. Nakili, andika nyuma "mazoezi, kutoka kwa fulani", weka kabatini. Usiiuze kama yako, usiipeleke kwenye shindano. Upande wa sheria upo kwenye swali la 18.

8. "Chora kila siku bila kukosa." Mimi siwezi.

Basi usichore kila siku. Mama anayefika soko la samaki saa kumi alfajiri na kurudi nyumbani jioni akiwa na watoto wa kulisha, akiambiwa "kila siku", atashindwa wiki ya kwanza na kujiona hafai. Mara mbili kwa wiki, kila mara ukiwa na kitu kimoja unachorekebisha, zinatosha kukusogeza. Kuchora uso uleule uliozoea kila siku hakukuongezei kitu.

9. "Kuchora kwa kuangalia picha ya simu ni kudanganya."

Si kudanganya, lakini simu yenyewe inadanganya, na hilo ndilo ambalo hawakukwambia. Ukimpiga mtu picha kwa karibu sana, pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma. Simama mita mbili au zaidi, kisha vuta picha. Ukimpiga akiwa amelipa ziwa mgongo, uso unakuwa giza na wewe utauchora giza, ilhali kwa macho yako uliona rangi kibao kwenye kivuli kile. Geuza asimame pembeni mwa mwanga, au piga picha mbili: moja ya uso, moja ya mandhari.

Mteja akikuletea picha mbovu ya WhatsApp ya marehemu bibi yake, isiyo na nyingine, mwambie mapema kwamba utachora kinachoonekana. Usibuni meno ya bibi wa watu.

## Rangi, karatasi na kuta

10. Mwalimu alinikataza kabisa rangi nyeusi. Kwa nini?

Katazo hili lina historia. Katika miaka ya 1870 huko Ufaransa, wachoraji walioitwa Waimpreshonisti walikuwa wakichora nje juani na kugundua kwamba vivuli vina rangi: buluu, zambarau, kijani. Wengi wao wakaiacha nyeusi. Ugunduzi wao ni wa kweli na utauona hapa. Nenda Capripoint jua linapozama ng'ambo ya ghuba: upande wa jiwe unaotazama magharibi ni wa rangi ya chungwa, na upande wa kivuli una buluu ya anga. Ukiweka nyeusi tupu pale, jiwe litageuka shimo.

Lakini walichofanya wao kwa mandhari ya mchana kikageuzwa kuwa sheria ya kila mahali. Sasa chora wavuvi wa dagaa. Wanavua usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta dagaa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Ukiwa ufukweni unaona giza, halafu mstari wa nuru ndogondogo kwa mbali kama mji mwingine. Bila nyeusi, au kitu kilicho karibu sana na nyeusi, taa hizo haziwaki. Changanya buluu iliyokolea na kahawia iliyokolea kwa sehemu kubwa ya maji, kisha nyeusi halisi iweke kidogo, karibu na taa.

Mwalimu wako huenda alichoka kuona vivuli vyote vya darasa vikiwa vya mkaa. Angesema "kwenye picha hii ya mchana, acha nyeusi", angekuwa sahihi.

11. Wengine wanasema ninunue vifaa vya bei kubwa kwanza, wengine wanasema msanii wa kweli anatumia chochote. Nani yuko sahihi?

Wote wamekosea kwa namna tofauti. Anayeanza akinunua rangi za bei kubwa anazionea huruma, anapaka kwa ncha ya brashi, hajifunzi. Na anayepokea oda ya kulipwa akitumia chochote, kazi inaharibika ukutani kwa mteja.

Kwa mazoezi: karatasi za kawaida, penseli ya HB na ya 4B, rangi ya maji ya ukutani kwenye makopo madogo. Kwa kazi ya kuuza: hadibodi au plaiwudi iliyopigwa msasa na kupakwa andakoti mbele na nyuma ili isijikunje, na rangi unayoijua tabia yake. Usipake akriliki (rangi inayochanganywa na maji) juu ya rangi ya mafuta. Haishiki vizuri, itabanduka. Kinyume chake kinawezekana. Karatasi ya aina ya gazeti hugeuka njano ikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo usimuuzie mtu picha juu yake hata kama mkaa unateleza vizuri sana.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kizuri, nunua brashi.

12. "Sugua kwa kidole ipate kulainika." Mbona picha zangu zinakuwa chafu?

Kwa sababu kidole kina mafuta na jasho, na ukisugua kila mahali hakuna sehemu inayobaki kali. Tumia karatasi ya choo iliyokunjwa, acha kingo za macho na pua bila kuguswa.

13. "Ukuta mpya ndio mzuri, paka tu." Rangi imebanduka baada ya miezi miwili.

Plasta mpya ya saruji ina unyevu na ukali wa alkali unaokula rangi. Iache ikomae kama siku 28, na wakati wa masika uache zaidi. Pima kwa kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kukiacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, bado. Mwalimu mkuu anaweza kukuharakisha kwa sababu mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Andika kwenye makubaliano kwamba umeshauri kusubiri.

Mtumbwi ni hivyohivyo. Ukitolewa majini leo hauandikwi leo. Mbao zikauke, wamalize kukalafati (kuziba nyufa), upige msasa, ndipo praima. Na jina liandike juu ya usawa wa maji, hata kama mwenye mtumbwi anataka herufi kubwa zifike chini.

## Fedha na wateja

14. "Fanya hii bure, utajulikana." Nikubali?

Uliza: nitajulikana kwa nani, na watanipataje? Ukuta ulio ndani ya ofisi ya meneja unaonwa na meneja. Ukuta unaotazama stendi unaonwa na watu wengi, lakini kama jina lako na namba ya simu hazimo, wanaojulikana ni wenye jengo.

Ukiamua kukubali, weka masharti matatu: vifaa vyote walipe wao, jina na namba viandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani, na uruhusiwe kupiga picha na kuzitumia. Anayekataa hata hayo hakuwa na mpango wa wewe kujulikana.

Kuchora bure kwa hiari yako, kanisani kwenu, msikitini, shule anayosoma mwanao, ni jambo jingine. Hiyo ni sadaka, na hakuna haja ya kuipigia hesabu.

15. "Anza na bei ya chini, utapandisha baadaye."

Kupandisha ni kugumu kuliko wanavyosema, kwa sababu mteja wa kwanza atamwambia wa pili alilipa ngapi. Heri kuanza na bei inayotokana na hesabu, hata kama ni ndogo, kuliko bei inayotokana na woga.

Tuseme picha ya sura ya hadibodi: vifaa 35,000, fremu 25,000, nauli 6,000. Hizo ni 66,000 kabla hujafanya kazi. Inakuchukua siku nne, na umeamua siku yako ni 20,000, jumla 80,000. Bei ni 146,000. Mteja akikwambia "nina laki moja, kaka", usijiulize kama laki ni nyingi. Toa 66,000, zinabaki 34,000, gawa kwa siku nne: 8,500 kwa siku. Sasa unajua unachokubali au kukataa. Unaweza pia kumpa picha ndogo zaidi, au bila fremu, kwa laki yake.

Ukiuza kupitia duka au hoteli inayochukua asilimia 40, bei ya 146,000 haitoshi. Ili mkononi ibaki hiyo, bei ya dukani iwe karibu 245,000. Wengi hugundua hili baada ya kuuza.

Marafiki na ndugu? Wape punguzo kwenye siku zako ukitaka. Usipunguze kwenye vifaa, maana hizo si fedha zako bali za mwenye duka la rangi.

16. "Kazi nzuri inajiuza yenyewe." Mbona yangu haijiuzi?

Kwa sababu hakuna kazi inayofanya hivyo. Mfano unaotolewa mara nyingi ni van Gogh, kwamba dunia ilimtambua baadaye. Dunia haikumtambua hivihivi. Alikufa mwaka 1890, mdogo wake Theo aliyekuwa akimlisha na kumnunulia rangi akafa Januari 1891, na mke wa Theo, Johanna, akabaki na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo wachache walizitaka. Yeye ndiye aliyeziazima kwa maonyesho, akauza chache kwa mpango, akasimamia maonyesho makubwa ya Amsterdam mwaka 1905, na kuchapisha barua za shemeji yake mwaka 1914. Ni zaidi ya miaka 20 ya kazi ya mtu mmoja.

Huna Johanna, basi tenga siku moja kwa wiki uwe wewe. Piga picha kazi zako kwa mwanga wa asubuhi, watumie wateja wa zamani, peleka sampuli tatu kwa fundi fremu, maana anayeleta picha kuwekewa fremu ana fedha na ana ukuta. Na mteja mpya muombe malipo ya awali, angalau gharama za vifaa. Anayekwambia "ukiomba adivansi utawakimbiza" ana haki kwa nusu: utawakimbiza wale ambao wangeikimbia picha.

17. "Chora tembo na Wamasai, ndicho watalii wanachotaka."

Huko Arusha wanaochora tembo na Wamasai wapo wengi na wana watalii wengi. Anayepita Mwanza akienda Serengeti au akitoka Rubondo ameshaona tembo wa kuchora kila duka. Mawe, mitumbwi, sangara kwenye mizani na Kisiwa cha Saanane hatavikuta pengine. Tena wateja wengi wa hapa si watalii. Ni mtu wa Ukerewe anayeishi mjini na anataka ufukwe wa kwao sebuleni.

Kama unampenda tembo, mchore. Usimchore kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kukuuzia hata picha moja.

## Haki na mtandao

18. "Bila kusajili kazi yako huna haki yoyote."

Si sahihi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki juu ya mchoro wako inaanza unapouchora, na hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi mzuri siku ya ugomvi, na kwa kazi unayotegemea kuizalisha kwa wingi, kwa mfano kwenye fulana, inafaa kufanya hivyo. Weka pia picha za hatua za kazi zenye tarehe: mchoro wa kwanza, nusu, mwisho.

Wengine wanachanganya COSOTA na BASATA. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, linahusika na usajili wa wasanii na vibali vya shughuli za sanaa. Pa kuanzia kuuliza ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, ukiwa Nyamagana ni Jiji la Mwanza, ukiwa Ilemela ni Manispaa.

Kuuza picha si kuuza hakimiliki. Mteja akitaka kuichapa kwenye kalenda zake, mwandikiane.

19. "Usiweke kazi mtandaoni, wataiba." Niache?

Watakaoiba wapo, na watakaonunua wako hukohuko. Weka picha ndogo, pikseli 1,000 kwa upande mrefu zinatosha kuonekana kwenye simu na hazifai kuchapwa kubwa. Weka jina mahali ambapo kulikata ni kuharibu picha. Video fupi ya mkono wako ukichora ni ngumu zaidi kuiba.

## Ya pembeni

20. "Hapa Mwanza hutoki, hamia Dar."

Dar ina vitu ambavyo hapa havipo: kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, wanunuzi wa balozi. Kwa anayefanya kazi za maonyesho, hoja ni nzito. Kwa anayeishi kwa kuta za shule na picha za sura, kuhama ni kuwaacha wateja wanaomjua kwa jina na kwenda kulipa kodi ya chumba mahali asipojulikana.

Nenda kwanza kwa wiki mbili na kazi kumi, fikia kwa ndugu, onyesha, uliza, rudi. Basi lipo kila siku.

21. "Msanii lazima ateseke ndipo kazi iwe na uzito."

Huu tunauchukia waziwazi. Van Gogh huyohuyo anatajwa tena hapa, lakini ugonjwa ulipompanda hakuweza kuchora. Alichora alipopata nafuu, kwa rangi alizonunuliwa na mdogo wake. Njaa inatetemesha mkono. Ukikosa usingizi kwa wiki, au unakunywa ili uchore, au umeacha kuona maana ya kuamka, zungumza na mtu wako wa karibu na uende hospitali. Picha itasubiri.

22. "Kompyuta sasa zinachora, unajisumbua."

Zinachora, na zitachukua baadhi ya kazi kama mashine za mabango zilivyochukua (swali la 3). Lakini kompyuta haipandi ngazi pale Igoma kupaka ukuta wa zahanati. Hesabu oda zako za mwaka jana, uone ngapi zingeweza kufanywa na mashine. Hilo ndilo jibu lako, na linatofautiana kwa kila mtu.

23. Nimeambiwa kuchora watu na wanyama ni dhambi. Je, nao ni ushauri usiosaidia?

Hilo si la ukurasa huu kuamua. Ni suala la imani, na wanazuoni wenyewe wana maelezo tofauti, kwa hiyo muulize sheikh wako unayemwamini. Tunachoweza kusema ni kwamba maandishi ya Kiarabu na nakshi za maua na maumbo ni sanaa kamili, yenye wateja wake misikitini na majumbani.

24. Mimi ni mzazi. Mwanangu anachora kutwa, nimwambie nini ili nisimharibu?

Kaa naye, angalia picha, uliza kuhusu kilichomo. "Huyu kwenye mtumbwi ni nani? Mbona nyavu ziko upande huu?" Atakueleza, na katika kueleza ataona mwenyewe alichosahau. "Nzuri, mwanangu" ya kutupia jicho ukiwa kwenye simu anaijua.

Usimlazimishe arekebishe, wala usishike penseli yake kumwonyesha. Ukitaka kutoa fedha, rimu moja ya karatasi za A4 na penseli chache zitamtosha muhula mzima. Seti kubwa ya rangi 48 subiri aiombe mwenyewe, kwa kutaja rangi anazokosa.